Kufuata Bahari Dodoma

Jumatatu, ndani ya treni

Boti ya asubuhi kutoka Unguja ilifika Dar es Salaam kwa wakati, na treni ya umeme nayo ikaondoka kwa wakati, kwa hiyo hakuna la kusimulia mpaka Morogoro. Hapo ndipo mzee aliyekaa dirishani alipoamka, akaitazama kofia yangu, akasema, "Wewe wa visiwani." Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akauliza nakwenda Dodoma kufuata nini. Nikamjibu: nafuata habari za bahari. Alicheka mpaka mama wa kiti cha mbele akageuka.

"Bahari ya Dodoma! Mwanangu, kule hata mito ni ya msimu."

Nikamweleza taratibu. Kijiji chetu kiko kusini mwa Pemba. Maji ya bamvua yanapanda hadi kwenye mabonde ya mpunga, na bonde likishaingia chumvi unaweza kulima mpaka mgongo ukatike usipate kitu. Wapo waliopiga matuta, wapo walioacha. Kila mwaka mataifa hukaa kubishana nani alipe hasara za namna hii, na waliopiga kelele mwanzo ni nchi za visiwa vidogo. Wana umoja wao uitwao AOSIS, ulioanza 1990 na sasa una wanachama 39. Komoro wamo, Shelisheli wamo, Morisi wamo. Pemba haimo, wala Unguja, kwa sababu umoja ule ni wa nchi, na sisi kwenye meza za dunia tunahesabiwa ndani ya Tanzania. Ofisi ya Tanzania inayoshika mambo hayo iko Dodoma. Nimekuja kuifuata njia ambayo malalamiko ya kijiji chetu yangepita, kama yangekuwa yameandikwa.

Mzee hakucheka tena. Alikuwa mtu wa reli, amestaafu. Tulipokaribia Kilosa akaninyooshea kidole: reli ya zamani ile kule chini, imejibana na mto Mkondoa. Alisema kipande cha Kilosa hadi Gulwe ndicho kilichowazeesha mapema yeye na wenzake. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikata reli, na safari zikasimama kwa miezi. Mchanga unaoteremka kutoka milimani unaujaza mto, mto unapanda, halafu maji hayana pa kupita ila juu ya tuta la reli. Wanajenga, maji yanabomoa, wanajenga. Hii ya sasa wameinyanyua na kuipitisha kwenye mahandaki. Alipokuwa anaeleza gharama zake, treni ikaingia handakini na sauti yake ikapotea.

Kabla ya kushuka alisema neno ambalo nimelinakili kama lilivyo: "Sisi wa reli tulijua habari za tabianchi kabla hazijawa semina."

Gesti yangu iko Majengo. Mama mwenye nyumba ni Mgogo wa Chamwino. Nilijaribu "mbukwenyi" niliyofundishwa na dereva wa bajaji, akanisahihisha kwamba hiyo ni ya watu wengi, yeye yuko peke yake, niseme "mbukwa". Chakula cha usiku: ugali wa uwele na mlenda. Mlenda ni mtihani kwa mtu aliyezoea mchuzi wa nazi, lakini uwele nimeupenda.

Jumanne, Mtumba

Mji wa Serikali uko nje kidogo ya mji, upande wa mashariki, majengo ya wizara yamepangwa kando ya barabara pana zenye miti michanga. Niliyekwenda kumwona ni afisa ambaye ameshakaa kwenye vikao vya tabianchi mara kadhaa. Alikubali kuongea kwa sharti jina lake lisitajwe. Nilimwita dada, yeye akaniita kaka, tukaenda kukaa kwenye mgahawa wa watumishi. Alikunywa chai mbili na hakumaliza hata moja, maana anapoeleza anaelezea na mikono.

Nilianza na swali ambalo watu wa kwetu huniuliza: inakuwaje nchi kama Tuvalu, yenye watu kama 11,000, izuie jambo lililokubaliwa na mataifa makubwa? Akasema watu wengi wanadhani kule kunapigwa kura. Hakuna. Kanuni ya upigaji kura ililetwa tangu vikao vya mwanzo katika miaka ya 90, haikukubaliwa, na mpaka leo haijapitishwa. Kwa hiyo kila uamuzi unapita kwa maafikiano. Nchi moja ikiinua bango lake na kusema hapana, mwenyekiti ana kazi.

"Lakini usidanganyike," akaniambia. "Kuzuia ni rahisi. Kupata unachotaka ndiko kugumu. Mwenye mafuta naye anazuia kwa kanuni hiyo hiyo."

Kisha akanieleza kazi inavyofanyika, na hapa ndipo nilipoandika zaidi. Andiko linakuja limejaa mabano. Kila neno ambalo kundi fulani halilitaki linawekwa kwenye mabano, na wiki mbili za kikao ni kazi ya kuyatoa mabano hayo moja moja, mengi usiku. Nchi tajiri inaleta watu mia na zaidi, inawagawa kwenye vyumba vyote. Kisiwa kinaleta watu wachache, na vyumba vinafunguliwa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wanaungana. Mmoja wa Fiji anashika habari ya fedha, mwingine wa Barbados anashika kupunguza hewa chafu, na kila mmoja anasemea wote.

Tanzania inakaa katika makundi matatu: G77 na China, ambalo ni la nchi zinazoendelea kwa jumla, nchi zenye maendeleo duni, na Kundi la Afrika. Hili la mwisho uenyekiti wake kwa 2025 na 2026 uko kwetu, chini ya Dk. Richard Muyungi. Nikauliza, basi Pemba inasemewa na kundi lipi? Akatabasamu. "Yote matatu. Na hakuna hata moja linaloitwa la visiwa."

Kuna jambo la katiba hapa ambalo sikuwa nimelitafakari. Mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya mazingira na ofisi yake inayosimamia. Mambo ya nje, hayo ni ya Muungano. Kwa hiyo tope la mikoko likiwa linamomonyoka, hilo ni la Zanzibar. Likianza kuzungumzwa Bonn, Ujerumani, kwenye vikao vya tabianchi, limeshakuwa la Muungano. Wataalamu wa Zanzibar wanakwenda kwenye ujumbe, wanakaa nyuma ya bango lile lile la Tanzania. Sisemi ni vibaya. Ila kila kinachotoka kijijini kinavuka milango miwili kabla hakijaifikia dunia, wakati cha Mkomoro kinavuka mmoja.

Nikamuuliza kuhusu mfuko wa hasara na uharibifu. Akaanza mbali: mwaka 1991, mkataba wenyewe wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa ukiwa bado unaandikwa, Vanuatu kwa niaba ya visiwa ilipendekeza nchi zenye viwanda zichange kwenye bima ya kuwafidia watakaozamishwa na bahari. Wakakataliwa. Wakarudi nalo, wakakataliwa. Mfuko ulikubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022. "Miaka 31," akasema. "Mtoto aliyezaliwa Vanuatu mwaka ule, alipofika Sharm huenda ameshaoa."

Nilipoaga akaniuliza, wale wa kijijini kwenu waliacha kulima mabonde mwaka gani? Nikasema zamani kidogo. Akatikisa kichwa. "Zamani kidogo haiingii kwenye fomu. Nileteeni tarehe, nileteeni bonde gani, kaya ngapi. Visiwa vya Pasifiki vinashinda hoja kwa sababu vinakuja na vipimo."

Jumatano, Mzakwe

Leo nimechukua bodaboda kaskazini mwa mji hadi bonde la Mzakwe, eneo la Makutupora, ambako Dodoma inapata maji yake mengi. (Makutupora hii si ile ya reli ya kisasa. Ile iko Manyoni, Singida. Dereva wangu anasema ameshawahi kubeba mhandisi aliyepotea kati ya hizo mbili.) Ni msimu wa mvua, kila kitu kibichi, mtama umeshafika kiunoni, na njiani watoto wanauza zabibu kwenye sahani za plastiki.

Nilipata fundi mmoja wa pampu, mtu wa makamo, mwenye subira. Swali langu lilikuwa la kijinga kidogo: visima vinajazwa na nini? Akaniangalia kama anayepima kama naweza kuelewa. "Si mvua hii," akasema, akionyesha mawingu. "Hii inanywewa na jua na mizizi. Kisima kinajazwa na mwaka mbaya."

Hilo si la kwake peke yake. Vipimo vya kina cha maji Makutupora vinarudi nyuma hadi miaka ya 50, kitu adimu sana katika nchi za joto, na watafiti waliovichapisha 2013 walionyesha alichokisema fundi: maji ya chini ya ardhi hapa yanashuka mwaka baada ya mwaka, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi na yanaruka juu. Kati ya misimu hiyo hakuna iliyofikia ule wa 1997/98, wa El Nino.

Nilikaa chini ya mwembe pale na kuliwaza hilo kwa muda mrefu. Kwetu 1998 ni mwaka wa matumbawe. Maji yalipata joto, matumbawe yakageuka meupe na kufa, kuanzia Maldivi na Shelisheli, Komoro, hadi Misali yetu hapo mbele ya Pemba. Wavuvi wa umri wa baba yangu bado wanautaja. Na ni upande huu huu wa Bahari ya Hindi, kwa joto lile lile, uliotuma mvua zilizokijaza kisima ambacho leo kinanywesha Bunge.

Sasa nenda kamwambie mkazi wa Dodoma kwamba bahari kupata joto ni msiba tu. Atakuuliza msiba wa nani.

Mambo hayaishii hapo, bila shaka. Mwaka mwingine unakuja ukame. Mwaka 2006 bwawa la Mtera, kusini mwa mkoa huu, lilishuka mpaka nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Na umeme wa Pemba, tangu 2010, unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kutoka kwenye gridi ile ile inayolishwa na Mtera. Kwa hiyo tumefungana, bara nyikani na kisiwani, kwa maji na kwa waya.

Lakini kufungana si kuwa na hoja moja. Jioni nimekuwa nikipitia maelezo ya jana, na naona mahali ambapo makundi haya yanakwaruzana, jambo ambalo hotuba za mshikamano hulificha. Visiwa vinataka vitambuliwe kuwa na hali ya pekee, na vitengewe sehemu yao ya fedha. Kundi la Afrika nalo kwa miaka mingi limetaka hali ya pekee ya Afrika itambuliwe, na halijafanikiwa. Mwaka 2022, mfuko wa hasara ulipokuwa unabishaniwa, matajiri walisukuma uwe wa visiwa na nchi maskini zaidi tu. Pakistan, iliyotoka kwenye mafuriko makubwa na ndiyo ilikuwa inaongoza G77, isingekubali kuachwa nje. Yakaandikwa maneno mapana kwamba ni kwa nchi zinazoendelea zilizo hatarini zaidi. Nani hasa aliye hatarini zaidi, kila mmoja anajisomea mwenyewe.

Alhamisi, Chimwaga

Siku niliyoifurahia kuliko zote. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa na zoezi la kuigiza kikao cha tabianchi, nikaruhusiwa kukaa nyuma. Kila kikundi kimepewa nchi. Visiwa viliwakilishwa na kijana wa Singida ambaye, kwa maneno yake, bahari ameiona kwenye simu. Nchi tajiri ya mafuta aliipata binti kutoka Ngazidja, Komoro, na alikuwa hatari kuliko wote. Kila andiko lilipokaribia kukamilika aliinua mkono na kusema kwa upole, "Mheshimiwa mwenyekiti, ujumbe wangu unahitaji muda zaidi wa kushauriana na nyumbani." Saa nzima ikapita hivyo.

Kijana wa Singida aliganda kwenye namba moja: nyuzi 1.5, kikomo ambacho visiwa vinataka joto la dunia lisikipite, kuhesabu tangu kabla ya enzi za viwanda. Wenzake walimpigia hesabu kwamba 2 na 1.5 ni kitu kimoja. Hakutikisika. Paris mwaka 2015 haikuwa tofauti sana. Dunia ilikuwa imeshazoea kusema nyuzi 2, na visiwa vikaenda na 1.5 yao kama kauli ya kufa na kupona. Tony de Brum, waziri wa mambo ya nje wa Visiwa vya Marshall, akajenga ushirika kimyakimya na Wazungu, Waafrika na wengineo, hadi namba ile ikaingia kwenye mkataba kama shabaha ya kujitahidi. Mwaka 2024 ukawa wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulipita 1.5 kwa mwaka mzima. Mkataba unapima kwa miongo, kwa hiyo kisheria namba haijavunjwa. Tuvalu hawaishi kisheria tu.

Kisha likatokea hili: kijana wa Singida alitoka kuongeza chai, na mwenyekiti, akiwa amechoka na kuhisi njaa, akagonga nyundo. Imepita! Aliporudi na kikombe chake kelele zilikuwa hadi nje. Mhadhiri akawaacha wabishane, halafu akawasimulia ya Dubai. Tarehe 13 Desemba 2023 mwenyekiti wa kikao alipitisha uamuzi mkuu wakati wajumbe wa visiwa hawajaingia ukumbini. Walikuwa wanamalizia kupanga msimamo wao. Anne Rasmussen wa Samoa, aliyeongoza mazungumzo kwa upande wa visiwa, akachukua kipaza sauti na kusema kwamba wamechanganyikiwa, uamuzi umepitishwa na wao hawamo. Ukumbi ulisimama ukampigia makofi marefu. Uamuzi ukabaki vilevile.

Mjadala ukahamia kikao cha Baku, Azerbaijan, 2024, pale visiwa na nchi maskini zaidi walipotoka nje ya chumba kwa hasira. Visiwa vilikuwa vinataka walau dola bilioni 39 kwa mwaka. Baadaye walirudi, na kikao kikamalizika kwa dola bilioni 300 kwa mwaka kwa nchi zote zinazoendelea, ifikapo 2035, ambapo ombi lilikuwa trilioni 1.3. Kijana wa Singida alisema wasingerudi. Mimi nilisema wamefanya sawa kurudi: kwenye chumba cha maafikiano aliye nje ndiye anayegongewa nyundo, na tumeona sasa hivi. Hakukubaliana nami, na sikumlazimisha. Ana miaka ishirini na kitu, na hasira yake ni mali.

Nilimkuta binti wa Ngazidja nje akingoja daladala. Kimbunga Kenneth kilipopita kwao Aprili 2019 alikuwa sekondari. Alisema migomba ya familia yao ililala yote usiku mmoja. Nikamuuliza imekuwaje akaweza kuigiza upande ule vizuri hivyo. "Mjomba, ni rahisi. Huna haja ya hoja. Unaomba muda tu, na muda uko upande wako."

Ijumaa

Swala ya Ijumaa kwenye msikiti wa Gaddafi, mkubwa na umejaa. Mchana nilibaki gesti kusoma muhtasari wa maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, yaliyotolewa The Hague tarehe 23 Julai 2025. Nayo ilianzia visiwani: wazo la wanafunzi wa sheria wa Pasifiki mwaka 2019, Vanuatu ikalibeba hadi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Majaji wote walikubaliana kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda hali ya hewa, na kuuvunja kunaweza kuleta dai la fidia. Maoni tu, hayamfungi mtu. Hata hivyo mahakama ya Afrika iliyoko Arusha nayo imeshaombwa maoni kama hayo, kwa hiyo sasa hata mwanasheria wa kwetu hana haja ya kupanda ndege.

Mama mwenye nyumba alinikuta nasoma, akaniambia kesho niende naye shambani kwao, nitajifunza zaidi.

Jumamosi, Chamwino

Shamba la dada yake lina visiki ambavyo mahali pengine vingeng'olewa. Yeye anachagua machipukizi machache, anapogoa mengine, anaacha mti urudi kutoka mzizi ulio hai. Wanaita Kisiki Hai. Kati ya miti kuna uwele, na makinga maji ya nusu duara yamechimbwa mteremkoni. Mvua hapa ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, ikikosekana katikati hakuna vuli ya kukuokoa kama kwetu.

Bibi mmoja, mama yao, alikuwa kwenye kigoda akipuliza pumba. Walimtafsiria shughuli yangu. Aliniuliza swali moja: hizo fedha zikija, zitapita kwa nani?

Nilimjibu ninavyojua. Marekani imejitoa kwenye mfuko, waliobaki wanachangia polepole. Dirisha la kwanza la maombi lilifunguliwa Novemba 2025 kwenye kikao cha Belém, Brazil: dola milioni 250 kwa dunia nzima, kila ombi kati ya milioni 5 na 20, na si chini ya nusu ni ya visiwa vidogo na nchi zenye maendeleo duni. Tanzania inaingia kwa mlango huo wa pili. Maombi yanapita kwa serikali. Bibi alisikiliza tafsiri, akasema kitu kwa Kigogo, wote wakacheka, na hakuna aliyekubali kunitafsiria.

Jioni nimempigia simu sheha wetu. Nimemwambia ya tarehe, ya mabonde, ya kaya. Akasema ushirika wa wakulima wa mpunga una daftari, tangu enzi za marehemu mwenyekiti, limeandikwa kila bonde na msimu lililoachwa kulimwa. Liko kwake, kabatini. Nikamwomba alipige picha kurasa zote anitumie leo, nimpelekee dada wa Mtumba kabla sijaondoka. Simu yake ni ya tochi. Mjukuu mwenye simu ya kamera yuko Wete, anarudi kesho kutwa akitoka skuli. Nimebadilisha tiketi, nitaondoka Jumanne.